Vunjajungu wa Maua Nyumbani: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Malalamiko ya wafugaji wa vunjajungu wa rangi hujirudia: ameanguka akivua gamba, hataki kula, anatetemeka, kopo zima la nzi limekufa. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu umetangulia matengenezo.

Vipimo vyote ni vya vunjajungu wa maua mwenye miiba, Pseudocreobotra wahlbergii, anayeishi porini Afrika Mashariki na Kusini. Ni mdogo, jike mzima ana karibu sentimita 4, na ana duara kama jicho kwenye kila bawa la mbele. Nduguye mkubwa, Idolomantis diabolica, anayepatikana pia Tanzania na Kenya, ametajwa pale anapohitaji kitu tofauti.

Kabla hujasoma dalili yoyote, pima mambo manne na uyaandike: joto la mchana na la usiku ndani ya kizimba, unyevu wa hewa, nafasi kutoka dari hadi kitu cha kwanza chini, na kila kilichopuliziwa au kuchomwa nyumbani katika wiki 2 zilizopita. Joto liwe nyuzi 24 hadi 30, unyevu asilimia 50 hadi 70. Shida nyingi zimo kwenye kizimba au kwenye chakula, wala si kwa mdudu mwenyewe.

Ameanguka akivua gamba, au ametoka na miguu iliyopinda

Hiki ndicho kifo kinacholalamikiwa kuliko vyote, na kinazuilika. Vunjajungu akitaka kuvua hujining'iniza darini kichwa chini. Gamba hupasuka mgongoni, naye huteremka polepole kwa uzito wake mwenyewe, huku akichomoa miguu mmoja mmoja, mirefu na myembamba kama uzi uliolowa. Kuna muda ambapo ncha ya tumbo tu ndiyo imebaki ndani ya gamba kuukuu, na mwili wote unaning'inia hapo ukisubiri miguu ikauke. Kisha hujikunja, hushika gamba na kupanda juu. Akigusa kitu kabla ya hapo, mguu utakauka kwa umbo lile lile ulilokunjika.

Chanzo cha kwanza ni nafasi ndogo chini yake. Kutoka dari hadi kitu cha kwanza, kiwe sakafu, kijiti au ua la plastiki, pawe angalau mara 3 ya urefu wa mwili. Mwenye sentimita 4 anahitaji sentimita 12 tupu. Idolomantis mzima hupita sentimita 10, hivyo kizimba chake kiwe na kimo cha sentimita 40 au zaidi. Vijiti viegemezwe pembeni, katikati pabaki wazi. Wengi hupamba kizimba kikapendeza, kumbe wamemwekea mdudu mtego.

Cha pili ni dari linaloteleza. Mfuniko wa plastiki haushikiki na makucha. Kata kipande cha neti, kibandike chini ya mfuniko kwa gundi ya moto kwenye pembe zote, kisha acha siku nzima harufu iishe kabla ya kumrudisha mdudu.

Cha tatu ni hewa kavu. Utaijua kwa gamba lililonasa kwenye miguu au vipapasio. Nyunyiza maji ya mvuke mwembamba mara moja jioni, kiasi kwamba matone yakauke ndani ya saa chache. Kizimba kinachobaki kimelowa mchana kutwa huleta ukungu, na hilo ni tatizo jingine.

Cha nne ni chakula hai kilichoachwa ndani. Nyenje mmoja anatosha kumtafuna vunjajungu aliye laini. Akikataa kula, akatulia darini, na vifuko vya mbawa mgongoni vikavimba, toa kila kilicho hai humo.

Ukimkuta ameanguka dakika hiyo hiyo na gamba bado limemshika, libane gamba kuukuu kwa kibano, usiuguse mwili, kisha liambatishe darini kwa uzi au karatasi ya kunata ili aning'inie kichwa chini. Gamba likiwa limenasa mguuni, usilivute. Funga pamba iliyolowa karibu naye kwa saa 1 au 2, kisha ujaribu kulitoa kwa brashi laini yenye maji. Lisipotoka, liache hadi atakapovua tena.

Mguu mmoja uliopotea huota upya katika mavuo 2 au 3 yanayofuata, mfupi kwanza kisha wa kawaida. Mtu mzima havui tena, kwa hiyo kilichopinda kwake kimepinda. Aliyepoteza miguu ya kati anaweza kuishi vizuri akilishwa kwa kibano. Ila taya zikiwa zimepinda hata hawezi kunywa tone la maji, usimwache afe kwa njaa: mweke kwenye kikopo kidogo ndani ya friza usiku kucha.

Anatetemeka, anarusha miguu, anaanguka sakafuni

Kwanza tofautisha. Kuyumbayumba taratibu mbele na nyuma ni kawaida yake, anaiga jani linalopeperushwa na upepo. Kutetemeka kwa vishindo, miguu ikikakamaa na mwili ukilala ubavu, ni sumu.

Anza na dawa za mbu. Dawa ya kuchoma, ya kupulizia na ya kuchomeka kwenye soketi zote zimetengenezwa kuua wadudu, na vunjajungu ni mdudu. Chumba cha kizimba kisichomwe wala kupuliziwa kitu, na mlango wake ufungwe vyumba vingine vinapopuliziwa.

Chanzo cha pili huwashangaza wengi: neti ya kizimba yenyewe. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na kwenye kampeni za malaria vina dawa ya kundi la pairethroidi ndani ya nyuzi, na vimetengenezwa ili dawa idumu hata baada ya kufuliwa mara 20. Kipande cha chandarua cha zamani kilichofuliwa hadi kikapauka bado kinaua. Mdudu hushinda amekikanyaga, naye hufa siku ya pili au ya tatu bila mfugaji kujua kwa nini. Nunua neti ya pazia au tuli kwenye duka la vitambaa, na chandarua kiache kitandani kwa watoto.

Baada ya hapo kagua maua yaliyonunuliwa sokoni, majani ya mboga uliyowapa nyenje, nzi waliokamatwa mahali palipopuliziwa, na dawa ya viroboto aliyopakwa paka au mbwa. Mikono yako iliyotoka kumpaka mbwa dawa hiyo inatosha kuleta madhara.

Mhamishie kwenye chombo kipya chenye karatasi safi, penye hewa, mpe matone ya maji, usimpe chakula kwa saa 24. Baadhi hupona. Kizimba cha zamani usikirudie: tupa neti, osha plastiki kwa sabuni na maji mengi. Kama na wewe unasikia kizunguzungu, kichefuchefu au kifua kubana baada ya kupulizia dawa, achana na mdudu, toka nje na uende kituo cha afya ukiwa na kopo la dawa hiyo mkononi.

Hataki kula

Mara nyingi hakuna ugonjwa. Tazama tumbo. Likiwa nene, ameshiba tu au anakaribia kuvua. Wadogo hugoma siku 2 hadi 5 kabla ya kuvua, na kabla ya vuo la mwisho hugoma hata wiki. Aliyetoka kuvua asilishwe kwa saa 24 hadi 48, taya bado laini. Dume mzima hula kidogo mno, kazi yake sasa ni kutafuta jike.

Tumbo likiwa bapa, kagua chakula. Vunjajungu wa maua huwinda vinavyoruka, na nyenje anayejificha chini ya karatasi hamwoni. Idolomantis ndiye mkali zaidi wa hilo: mpe nzi wanaoruka, la sivyo atakaa na njaa. Windo lisizidi nusu ya urefu wa mwili wake.

Halafu joto. Nairobi na Arusha mwezi Julai chumba hushuka chini ya nyuzi 20, na mdudu hupoa, hagusi chakula, havui. Idolomantis anataka zaidi ya nyuzi 30 mchana. Tumia balbu ndogo nje ya kizimba, umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye neti, au mkeka wa joto ubavuni, wala si chini. Usiingize jiko la mkaa wala la mafuta ya taa chumbani ili kuwapasha wadudu joto. Moshi wake usioonekana huua watu waliolala. Na kama soketi inapata moto, waya unanuka au swichi inatoa cheche, zima umeme na umwite fundi.

Jaribio la mwisho: mshike nzi kwa kibano, mpasue kidogo, umguse naye vunjajungu mdomoni. Akionja, mara nyingi huendelea. Kama alikamatwa porini, tumbo limejaa lakini anakonda mabegani na anapenda kukaa kwenye maji, huenda ana mnyoo unywele. Siku moja atatoka uzi mweusi mrefu kuliko mdudu mwenyewe. Hauna madhara kwa binadamu, ila vunjajungu huyo hana tiba.

Anatapika maji meusi au ya kahawia

Windo chafu ndilo la kushukiwa kwanza, hasa nyenje walioishi kwenye chombo kinachonuka. Pili, kizimba kilicholowa muda wote bila hewa kupita.

Toa chakula chote kwa siku 2. Badilisha karatasi ya chini, futa kuta, fungua tundu la hewa la pili upande wa pili. Mpe maji kwenye ncha ya pamba, siku ya pili tia asali kiduchu. Akirudi kula, mpe nzi, si nyenje. Mtenge na wenzake, na kibano chake kisiguse kizimba kingine kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto. Tumbo likigeuka jeusi na laini huku likinuka, amekwisha.

Macho yamekuwa meusi, rangi imebadilika

Macho meusi usiku ni kawaida, yatarudi rangi yake asubuhi. Doa jeusi lisiloondoka mchana hutokana na kusugua jicho kwenye plastiki au kioo akijaribu kufikia mwanga. Weka neti upande wa dirisha. Akiwa bado mdogo, doa linaweza kupungua akivua.

Rangi hubadilika kwa mwanga, unyevu na vuo hadi vuo. Mmoja na yule yule anaweza kuwa wa kijani, wa manjano au mweupe wenye waridi. Hakuna chakula cha kumpaka rangi, na maji ya rangi yanayotajwa na baadhi ya wauzaji yatamdhuru tu.

Kopo la nzi wa matunda halitoi nzi

Hapa ndipo ufugaji mwingi hufia. Watoto 40 wa vunjajungu wakitoka kwenye kifuko kimoja cha mayai bila nzi wadogo tayari, wataanza kulana ndani ya siku chache. Anza makopo wiki 3 kabla, na anzisha jipya kila wiki.

Chakula cha kopo la mililita 500: ndizi mbivu 1 iliyopondwa, unga wa mahindi vijiko 4 vya chakula, sukari kijiko 1, siki vijiko 2, maji robo lita. Pika uji mzito, mimina kimo cha sentimita 3, acha upoe kabisa, nyunyiza hamira robo kijiko cha chai, tumbukiza karatasi iliyokunjwakunjwa, tia nzi 30 hadi 50, funika kwa kitambaa na mpira. Kwa nyuzi 25, nzi wapya wa Drosophila melanogaster hutoka baada ya siku 10 hadi 12. Wale wakubwa, Drosophila hydei, huchukua karibu mara mbili ya hapo.

*Nzi wapo, funza hawapo.* Kwa wakazi wa pwani jibu karibu kila mara ni joto. Nzi dume wa matunda aliyekulia kwenye nyuzi 30 huwa tasa. Anapanda, jike anataga, mayai hayaanguliki. Dar es Salaam na Mombasa kuanzia Desemba hadi Machi kopo la juu ya kabati huharibika hivyo bila dalili nyingine yoyote. Liweke sakafuni kwenye chumba cha ndani, ndani ya beseni lenye maji sentimita 2, ukiwa umelifunika kwa kitambaa kilicholowa. Dume waliopata joto usiwategemee, tafuta mbegu nyingine.

*Ukungu mweupe au wa kijani.* Nzi walikuwa wachache mno, hawakuwahi kuukanyaga uji. Ongeza nzi, na safari ijayo ongeza siki kijiko 1. Kopo jeusi lenye kunuka litupwe.

*Uji umekuwa supu, nzi wamezama.* Hamira nyingi au ndizi nyingi. Nyunyiza pumba za ngano kijiko 1 au 2 na uongeze karatasi.

*Vumbi linalotembea ukutani mwa kopo.* Huo ni utitiri. Ukiuona kwenye kopo moja, ujue umeshafika kopo la jirani. Gandisha kopo hilo kwenye friza siku 2 kisha ulitupe, weka mengine kila moja kwenye sahani ya maji yenye tone la sabuni, na usitunze kopo lililopita wiki 5.

*Nzi wasioruka wameanza kuruka.* Ama nzi wa jikoni wameingia wakazaliana nao, kwa kuwa sifa ya kutoruka hufichika kizazi kinachofuata, ama joto limezidi: aina yenye mbawa zilizodumaa huota mbawa ndefu zaidi ikikulia kwenye joto kali. Haitengenezeki, anza mbegu upya. Ukilazimika kutumia wanaoruka, weka kopo kwenye jokofu dakika 3 hadi 5 ndipo umimine.

Nzi wa kawaida hawatoki kwenye pupa

Pupa wa kahawia iliyokoza na mzito yu hai. Mwepesi anayeelea majini ni ganda au amekauka. Kwa nyuzi 25 hadi 30 hutoka ndani ya siku 3 hadi 6. Jokofuni husubiri, lakini ukipita wiki 2 wengi hufa. Waliotoka wape sukari na maziwa ya unga siku moja kabla ya kuwalisha vunjajungu, maana nzi mwenye njaa hana lishe.

Usichukue funza chooni, jalalani wala kwenye mzoga. Wafuge kwenye pumba za ngano zilizoloweshwa zikashikana bila kutoa maji, ukiongeza maziwa ya unga kidogo, mbali na jikoni. Harufu kali inayochoma macho ina maana maji yamezidi.

Nyenje wanakufa au wananuka

Unyevu na msongamano kwanza. Chombo kiwe kikavu, trei za mayai zisimame wima, kinyesi kitolewe kila wiki. Maji uwape kwenye pamba au kokoto, maana kwenye kisahani kitupu huzama. Karoti na sukuma wiki zioshwe, karoti zimenywe pia. Mayai yawe kwenye mchanga mnyevu kwa nyuzi 28 hadi 32, yataanguliwa baada ya wiki 2 hivi.

Wakilala chali kwa wingi wakipiga miguu, fikiria virusi, hasa kwa nyenje wa nyumba, Acheta domesticus, ambaye aliangamia kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Choma kundi zima, osha, pumzisha chombo, kisha uanze na nyenje mweusi, Gryllus bimaculatus. Kenya kuna pia Scapsipedus icipe, aliyetambuliwa kisayansi mwaka 2018 na kupewa jina la icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Huko, na kwenye idara za wadudu za vyuo vya kilimo kama Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, ndiko pa kupeleka sampuli vifo visipokoma.

Mwenye mzio wa kamba au kaa ajihadhari, kwani huweza kupata mzio wa nyenje pia. Vaa barakoa unaposafisha. Ukianza kukohoa, kutokwa vipele au kuvimba midomo, acha kazi umwone daktari. Ukishindwa kupumua, ni hospitali mara moja.

Kifuko cha mayai hakianguliki, au watoto wametoweka

Jike asiyepandwa hutaga vifuko vilevile, lakini vya bure. Aliyepandwa, kifuko huchukua wiki 4 hadi 6 kwa nyuzi 26 hadi 30. Kining'inize kama kilivyotagwa, pawe na nafasi chini, nyunyiza kidogo kila baada ya siku moja. Kifuko cha porini chenye vitobo vidogo vya mviringo kimeshaliwa na nyigu wadogo wa jenasi Podagrion.

Watoto wa kwanza ni weusi, wanang'aa, wanakimbia kama sisimizi. Kuna wanaowaua kwa kudhani sisimizi wamevamia kizimba. Mtoto wa vunjajungu hukunja miguu ya mbele kifuani, ndiyo alama.

Sisimizi wa kweli wakija, simamisha miguu ya meza kwenye vikopo vya maji yenye sabuni. Siafu hawazuiliki hivyo. Hamisha vizimba vyote papo hapo.

Kabla ya kuuza au kutuma

Usiachie huru aina zilizotoka nchi nyingine, mathalani vunjajungu wa okidi wa Asia. Kukamata porini na kutuma nje wadudu hai kunahitaji kibali, cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kwa Kenya na cha mamlaka ya wanyamapori kwa nchi yako. Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu 4 faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kujaribu kusafirisha sisimizi hai waliofungwa kwenye mirija midogo.